Mafuta ya Kila Ijumaa

Faquir aliinama chini ya mtumbwi wa marehemu mdogo wake, akaubonyeza tumboni kwa kidole gumba, na kidole kikazama mpaka kwenye kiungo. Alipokitoa kilikuwa kimeshika unga mweusi wenye majimaji. Akaunusa, akajipangusa kwenye kikoi, akainuka taratibu akishika kiuno.

"Umekwisha huu," alisema. "Shemeji! Unanisikia huko ndani? Mtumbwi umekwisha."

Nyuma ya ua wa makuti, Zubeida alikohoa ili ijulikane kwamba yupo. Alikuwa amemaliza miezi mitatu ya eda ya mumewe Mussagy. Ulibaki mmoja na siku kumi, na muda wote huo hakutoka uani wala kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Lakini ua wa makuti hauzuii sauti.

"Nuria," aliita, "mwambie baba yako mkubwa kwamba kidole hicho hicho kilizama kwenye mtumbwi wake mwaka jana, na mpaka leo anaupanda."

Nuria alikuwa amesimama katikati, kati ya ua na mtumbwi, mikono nyuma. Alifungua mdomo, akaufunga. Faquir alikuwa hatua nne tu kutoka uani, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Nimesikia," Faquir alisema. "Ndiyo maana nasema. Wangu umeoza ubavuni, huu umeoza tumboni. Nikichukua ubavu wa huu nikautia kwenye wangu, tunapata mtumbwi mmoja mzima. Tukiuacha, tunabaki na miwili mibovu. Au nadanganya, Nuria?"

Nuria alitazama mchanga.

Faquir hakudanganya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikifanywa siku hizi katika kijiji chao, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kaskazini mwa mji wa Palma. Miti minene ya kuchonga mtumbwi ilikuwa imekwisha karibu na pwani, na ile ya mbali ilionekana mara moja tu, ikipita barabarani juu ya malori ya magogo. Mafundi nao hawakuwepo. Tangu habari ya gesi iliyopatikana baharini itoke, kila aliyejua kushika nyundo alikuwa Palma akijenga nyumba za wageni. Basi mtumbwi mmoja ulikatwa ili uponye mwingine, na kila mwaka mitumbwi ilipungua pale ufukoni.

Wala Faquir hakuwa mwizi. Mussagy aliacha mke na binti mmoja, hakuacha mtoto wa kiume, na kwa sheria ya mirathi kaka yake alikuwa na fungu lake katika mtumbwi ule. Mtumbwi unaokwenda baharini, warithi hugawana samaki wake. Usiokwenda, wanagawana mti.

"Eda ikiisha nitakuja na msumeno," Faquir alisema. "Sitakuja kabla. Mimi ni mtu mwenye adabu."

"Mwambie msumeno wenyewe aliuazima kwa marehemu," ua ukajibu.

Faquir alicheka, akaenda zake.

*

Nuria hakuwa na kitu kingine cha baba yake. Nyumba ilikuwa ya ukoo. Nyavu zilikwisha toka kabla hajaugua. Mtumbwi ndio uliokuwa na alama zake: pale nyuma alipokaa miaka na miaka, mti ulikuwa umelika ukapata umbo la mtu aliyeketi, paja la kulia limezama zaidi kuliko la kushoto.

Na kazi yote aliyoijua Nuria aliijua juu ya mtumbwi ule. Aliacha shule darasa la nne, mama yake alipougua mwaka mzima na hapakuwa na wa kuteka maji. Mama alipopona, hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Baba yake akaanza kumwita ufukoni kwa kazi ndogo: kuponda chokaa ya makombe, kuikanda na mafuta ya mnyama mpaka iwe deheni laini kama unga wa chapati, kusokota pamba ya kuzibia nyufa. Mikono yake ilijua wakati deheni imeiva. Lakini kuzungumza mbele za watu hakukuweza.

"Ukitaka Nuria akusemeshe," Aiuba alipenda kusema, "jigeuze mtumbwi uvuje."

Aiuba alikuwa mvuvi mwenzake Mussagy, wakivua pamoja kuzunguka visiwa vya Rongui na Macaloe, na mtumbwi ukipona ni yeye angeupeleka. Siku ya pili baada ya kidole cha Faquir, Aiuba alikuja na mgeni mfupi mwenye mabega mapana, aliyebeba ndoo ya bati na furushi la kitambaa cheupe kama nywele za mzee.

"Huyu ni Gaspar," Aiuba alisema kuelekea uani. "Mtu wa Mueda, huko bara. Shemeji, usiogope, ni Mkristo lakini anakula samaki wetu bila kuchoka. Alikuja Palma kutafuta kazi kwenye kambi ya gesi. Wamemwandika jina, wamemwambia asubiri. Wakati anasubiri, ametengeneza boti mbili za hoteli. Anajua fibra."

"Fibra ndiyo nini?" Zubeida aliuliza.

"Ni kitambaa hiki na gundi hii, mama Nuria," Gaspar alisema. "Unakata palipooza, unatandaza kitambaa, unapaka gundi yenye dawa ya kukausha. Kikikauka kinakuwa kigumu kama jiwe. Hakiozi. Wadudu hawakili. Boti za kule kambini zote ni hii hii, hakuna mti hata kidogo."

"Na wewe unataka nini kwetu?"

Gaspar alijikuna shingo. "Nataka kuona kama inashika kwenye mtumbwi. Ikishika, sitamsubiri tena mtu wa kambi. Nitafungua karakana yangu. Mitumbwi mibovu iko mingapi pwani yote hii?"

Nyuma ya makuti kikombe kiligonga mtungi.

"Nuria," Zubeida alisema, "mpe fundi maji ya kunywa."

*

Gaspar alifanya kazi yake vizuri. Waliugeuza mtumbwi juu chini kwenye magogo mawili chini ya kibanda. Alikata uozo wote kwa patasi mpaka akafika kwenye mti mzima, na shimo likatokea, shibiri mbili kwa moja na nusu. Akalisugua pembezoni kwa msasa. Nuria alisimama na bakuli la maji pembeni, akitazama kila kitu.

"Mti huu unanukia papa," Gaspar alisema, akipeleka pua karibu. "Eh pá, mlikuwa mnavua au mnapikia humu?"

Aiuba akacheka. Nuria alisikia neno likimpanda kifuani mpaka kwenye meno. Alitaka kusema: ni mafuta. Ni mafuta ya ini la papa, fundi, tunaupaka kila Ijumaa. Lakini Gaspar alikuwa ameshaanza kuchanganya gundi, na ilivyoonekana mtu anayejua fibra hahitaji kuambiwa habari ya mafuta. Neno likarudi lilikotoka.

Mafuta yenyewe yalikuwa amri ya Zubeida. Mtumbwi ukikaa nje ya maji muda mrefu hupasuka, kwa hiyo tangu kifo cha Mussagy kila Ijumaa asubuhi alimpa Nuria kibuyu na kitambaa. "Upake wote, ndani na nje. Usiruke mahali." Yeye mwenyewe, kwa ajili ya eda, hakujipaka hata tone la mafuta miezi mitatu, ngozi ya mikono imekuwa nyeupe kama majivu. Lakini mtumbwi uling'aa. Nuria aliupaka kama mtu anavyomkanda mgonjwa, na hakuruka mahali.

Kesho yake fibra ilikuwa imekauka. Ilikuwa ya manjano, ya kung'aa, ngumu. Aiuba aliigonga kwa fundo la kidole ikalia kama bakuli. Watu waliotoka msikitini walipita kuigonga. Faquir naye alikuja, akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikakataa kuzama. Alibonyeza tena mahali pengine.

"Sasa tuunyweshe," Aiuba alisema.

Kuunywesha ilikuwa desturi ya Mussagy, na ya baba yake kabla yake. Mtumbwi uliotengenezwa haupelekwi majini moja kwa moja. Unageuzwa, unawekwa juu ya magogo, unajazwa maji ndani, kisha mtu analala chini yake na kutazama. Unapovuja juu ya mchanga, unavuja bila kumzamisha mtu. Kulala chini ilikuwa kazi ya Nuria tangu utotoni kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuzungumza ovyo.

Walijaza ndoo ishirini. Nuria alilala chali, macho kwenye kiraka. Ndoo ya ishirini na moja ilipoingia alisikia mlio mdogo, kama mtu anayebandua ganda la ndizi. Ukingo mmoja wa fibra uliinuka. Kisha kiraka chote kikashuka kizima, kama sahani, kikampiga begani, na maji yote ya ndoo ishirini na moja yakafuata.

Alipotoka alikuwa amelowa chapachapa na ameshika kiraka mkononi. Upande wa ndani kilikuwa laini, kisafi, hakina hata unyuzi wa mti.

"Kinafaa kupepetea mchele," Faquir alisema.

Gaspar alikichukua, akakigeuzageuza. Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Mti ulikuwa na unyevu," alisema mwishowe. "Haukukauka vizuri. Tuuache wiki mbili juani, halafu nitajaribu tena. Gundi imebaki nusu ndoo. Itatosha mara moja tu. Mara moja."

*

Ijumaa ilipofika, Zubeida alitoa kibuyu kupitia pengo la makuti.

"Siku nne juani, masikini," alisema. "Utakuwa umekakamaa kama ngozi ya ng'ombe. Leo upake mara mbili, ulainike kabla fundi hajarudia kazi."

Nuria alichukua kibuyu. Kutoka baharini ilisikika helikopta ikielekea kwenye meli za gesi, na kuku wa jirani wakakimbilia chini ya kibanda kama kila siku. Mtumbwi ulikuwa nje ya kibanda, umegeuzwa juu chini, shimo lake likitazama angani. Usiku kulinyesha manyunyu kidogo, na juu ya mti, kandokando ya shimo, maji yalikuwa yamesimama matone matone, ya duara, kama juu ya jani la yungiyungi. Alipoligusa moja kwa kidole liliteleza, likakimbia mpaka chini, na mti pale lilipopita ulikuwa mkavu.

Alisimama na kibuyu mkononi.

Alikumbuka kipande cha fibra jinsi kilivyokuwa kisafi upande wa ndani. Alikumbuka ukuta wa chumba chao cha nyuma, pale taa ya mafuta ilipokuwa ikining'inia: kila mwaka wanapaka chokaa, na kila mwaka pale chokaa inabanduka. Alikumbuka Gaspar akisema mti unanukia papa.

Aliziba kibuyu, akakirudisha kwenye pengo.

"Umemaliza mara hii?" mama yake aliuliza.

"Sijapaka."

"Kwa nini?"

"Mama," Nuria alisema, "ni sisi. Ni mafuta."

Zubeida alikivuta kibuyu ndani. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo hata ua ungeweza kuizuia, "Kamwambie fundi."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Gaspar alikuwa amepanga kwa Aiuba, nyumba ya sita kutoka hapo. Nuria alifika mlangoni mara mbili akarudi. Mara ya tatu alikwenda na kikombe cha maji, akamkuta Gaspar anachonga mpini, akamwashiria kwa kichwa amfuate. Walipofika kwenye mtumbwi hakungoja kuulizwa. Alimimina maji ya kikombe juu ya mtumbwi. Maji yakajikunja, yakagawanyika matone, yakakimbia.

Gaspar aliyatazama mpaka yakaisha. Akapitisha kiganja juu ya mti, akakinusa.

"Mmeupaka mafuta?"

Nuria akaitikia kwa kichwa.

"Lini?"

"Kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa! Na siku ile ninapaka gundi, wewe ulikuwa umesimama hapa hapa na bakuli."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukusema, menina, binti wee?"

Nuria alifikiri. "Hukuuliza," alisema.

Gaspar aliketi kwenye gogo akashika kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nuria alidhani analia. Alikuwa anacheka. "Boti za hoteli hazipakwi papa," alisema. "Ningejuaje? Mimi mtu wa mihogo."

Walijaribu kuyatoa mafuta. Aiuba aliwasha makuti makavu, wakauchoma mtumbwi kwa mwenge kandokando ya shimo mpaka ukawa mweusi, wakaukwangua, wakausugua kwa majivu na maji ya moto. Jioni maji yalitulia juu yake bila kukimbia, wakafurahi. Kesho yake jua lilipopanda, mti ukatoka jasho. Mafuta yalipanda kutoka ndani, ya manjano, mazito, yakasimama juu kana kwamba hakuna lililofanyika.

"Haya si ya Ijumaa zako tu," Aiuba alimwambia Nuria. "Haya ni ya Mussagy. Miaka ishirini alikuwa akiupaka huu. Ungeukamua ungejaza debe."

Nuria alishukuru moyoni kwa neno lile, lakini halikuziba shimo.

*

Alikaa na shimo lile siku tatu. Alikanda deheni bila sababu, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Chokaa na mafuta. Alikanda, akabandika tonge kwenye ukingo wa shimo ili mikono ipumzike, na alipotaka kulitoa tonge lilikataa. Alilivuta. Lilikuwa limeganda pale pale penye jasho la papa kama mtoto aliyeng'ang'ania mgongo.

Bila shaka. Deheni yenyewe ni mafuta. Haichukii mafuta.

Lakini deheni peke yake haiwezi kubeba shimo la shibiri mbili. Inahitaji kitu kigumu cha kuikandamiza, kitu kisichooza, ambacho hakihitaji kuganda kwenye mti, kinahitaji kubanwa tu. Aligeuka akatazama uani kupitia pengo. Pembeni mwa jiko lilikuwepo pipa la buluu, tambori kama watu wa Palma wanavyoita, lile la plastiki nene lililotoka kambini na ambalo mama yake aliwekea maji mpaka kitako kikapasuka. Tangu hapo lililala ubavu, jua na mvua, mwaka wa pili. Halikuwa limeoza hata kidogo.

"Mama, nataka pipa."

"Ninalitaka kupandia pilipili."

"Nataka nusu."

Safari hii alimwendea Gaspar bila kikombe. Alisema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mwanamume yeyote asiye baba yake, akiyaelekeza kwenye patasi iliyokuwa mkononi mwa Gaspar. Vibao viwili vya pipa, kimoja nje, kimoja ndani. Deheni na pamba katikati. Skrubu zipite zote, zibane.

"Misumari itashika kutu, itauozesha mti tena," Gaspar alisema. "Lakini skrubu ninazo, zilibaki za hoteli, zile zisizoshika kutu. Na shimo lenyewe utalijaza nini?"

"Kipande cha mti. Kipya. Kikavu." Akameza mate. "Hicho hakijapakwa mafuta. Hicho ukivishe fibra."

Gaspar aliweka patasi chini.

"Aiuba!" aliita. "Njoo umsikilize fundi wako."

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Aiuba alitafuta kipande kikavu cha mkwaju, Gaspar akakichonga kulingana na shimo, akakizungushia fibra pande zote, kikawa kama jino la dhahabu, na robo ndoo ya gundi ikabaki. Kupinda pipa kulisumbua zaidi, kwa sababu plastiki ilitaka kurudi kwenye duara lake. Nuria alikaanga mchanga kwenye karai mpaka ukaacha kushikika, akaumwaga juu ya vibao vilivyowekwa kwenye tumbo la mtumbwi, akavikandamiza kwa mawe ya baharini usiku kucha. Asubuhi vilikuwa vimelala kwa umbo la mtumbwi wenyewe. Deheni aliikanda mwenyewe na hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Skrubu zilikuwa thelathini na nne.

*

Siku ambayo Zubeida alitoka eda, alioga, akavaa nguo safi, akajipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kupokea pole za wanawake ni kuzunguka ua na kwenda kuutazama mtumbwi. Alizunguka mara mbili. Aligusa kiraka cha buluu.

"Umevalishwa kama bibi harusi wa Palma," alisema. Akagusa na pale nyuma, palipolika kwa kukaliwa, akaacha mkono hapo.

Faquir alifika baada ya adhuhuri, msumeno begani, kama alivyoahidi.

"Shemeji, pole. Umenawiri."

"Asante, shemeji. Umekuja na mgeni."

"Huyu?" Faquir aliulaza msumeno magotini na kukaa juu ya gogo. "Huyu atasubiri. Unywesheni. Ukikaa na maji mpaka alasiri, sina neno. Ukivuja, nakata leo hii, na nisisikie kilio cha mtu."

"Kweli?" Zubeida aliuliza.

"Mbele ya wote hawa."

Walijaza. Ndoo ishirini, ishirini na moja, thelathini, mpaka maji yakakaribia ukingo. Nuria alikuwa amelala chini tangu ndoo ya kwanza. Aliona miguu ya watu tu: ya mama yake yenye kung'aa, ya Aiuba isiyotulia, ya Faquir iliyonyooshwa kama ya mtu aliye kwake. Kiraka kilikuwa kikavu. Muda ukapita. Mtu alileta mihogo ya kuchemsha, wakala. Kiraka kilikuwa kikavu bado.

Kisha kwenye skrubu ya kumi na tisa, upande wa mbele, likatokea tone. Lilikuwa dogo kama mbegu ya ufuta. Lilikua. Likadondoka kwenye paji lake la uso, na lingine likaanza nyuma yake.

Hakuna mwingine aliyeliona. Angeweza kunyamaza, alasiri haikuwa mbali. Lakini Aiuba angekwenda Rongui ndani ya mtumbwi ule.

"Unavuja!" Nuria alisema.

Alisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba miguu yote iligeuka. Faquir aliinuka na msumeno.

"Pamba!" sauti ile ile iliendelea kutoka chini. "Pamba na deheni, mama, ile iliyo kwenye bakuli la kijani. Fundi, bisibisi. Maji msiyamwage! Baba mkubwa, njoo huku chini."

"Mimi?"

"Wewe. Njoo na kidole chako."

Faquir alitazama watu. Hakuna aliyemsaidia. Aliweka msumeno mchangani, akalala chali kwa kuguna, akajisogeza mpaka bega lake likagusana na la mtoto wa mdogo wake.

"Ninatoa skrubu hii," Nuria alisema. "Nikiitoa tu, ziba kwa kidole gumba. Usikiondoe mpaka nikwambie."

Alizungusha bisibisi. Skrubu ikatoka na mchirizi wa maji ukamtiririkia Faquir mpaka kwapani. Faquir alibonyeza. Safari hii kidole hakikuzama, na maji yakakoma. Alikaa hivyo, mkono juu, akipumua kwa nguvu, huku Nuria akisokota pamba kwenye skrubu, akaivisha deheni, akaikanda kwa vidole vitatu bila haraka.

"Mkono unakufa ganzi," Faquir alisema.

"Bado."

"Mussagy alikuwa hivi hivi. Mkaidi."

"Sasa toa."

Skrubu iliingia, ikabana, deheni ikajitokeza pembeni kama povu jeupe. Walibaki wote wawili wamelala pale wakitazama, mzee na binti, na hakuna aliyetoka mpaka adhana ya alasiri iliposikika. Skrubu ya kumi na tisa ilikuwa kavu. Nyingine thelathini na tatu pia.

Faquir alijikongoja akatoka, mgongo wote mchanga, kidole gumba cheupe kwa deheni. Hakutafuta msumeno. Alikwenda kwenye mtumbwi, akachovya mkono ndani ya maji, akajipangusa uso.

"Basi tutagawana samaki," alimwambia Zubeida.

"Inshallah."

"Lakini wangu bado umeoza." Aligeuka kumtafuta Nuria, ambaye maneno yalikuwa yamemwishia na amesimama tena mikono nyuma. "Pipa lilibaki nusu, siyo?"

"Pilipili zangu zimo," Zubeida alisema.

Nuria alisogea. "Baba mkubwa," aliuliza polepole, "wewe wako unaupaka mafuta?"

Aiuba alipasuka kwa kicheko kabla Faquir hajajibu.

"Mimi?" Faquir alisema. "Niupake mtumbwi mafuta kila Ijumaa, mimi ni mke wake? Tangu nilipoununua haujaona tone. Uliza mtu yeyote."

Nuria aliinua kikombe kutoka kwenye ndoo, akateremka ufukoni bila kusubiri mtu, na wao wakamfuata, Gaspar mbele, Faquir nyuma akichechemea. Mtumbwi wa Faquir ulikuwa umelala ubavu juu ya mchanga mkavu, rangi ya majivu, nyufa kila mahali, haukutunzwa kweli. Nuria aliumiminia maji ubavuni. Hayakukimbia. Mti uliyanywa yote, ukabaki na doa jeusi.

Gaspar aliangalia doa lile, akaanza kutabasamu. "Huu utashika gundi," alisema.

Nuria aliokota kipande cha mkaa, akachora mstari kuzunguka palipooza, akaacha nafasi ya vidole viwili kila upande.

"Baba mkubwa," alisema, "lete msumeno. Ukate hapa."